Ini Likinyamaza Si Kwamba Limepona



Msomaji mpenzi, tukisikia homa ya ini wengi wetu hufikiria macho ya manjano. Ilhali homa ya ini iliyo sugu, ile iletwayo na virusi vya B au C, haibishi hodi. Mtu huweza kuishi nayo miaka 20 au zaidi, akilea, akifunga na kuswali, asihisi maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na aina ya B, na milioni 50 aina ya C.

Ndani ya kimya hicho mna kazi kubwa. Virusi huchokoza ini mwaka baada ya mwaka, na kila jeraha huacha kovu. Makovu yakizidi, damu hupita kwa shida na chembe za ini hukosa hewa safi. Hapo mwili hutoa protini za kuamuru mishipa mipya ya damu iote; mashuhuri miongoni mwazo ni VEGF na anjiopoietini-2. Lililokusudiwa kuwa msaada hugeuka madhara: mishipa hiyo ni dhaifu, huota kando ya makovu, haiponyi ini, na saratani ikianza, hulishwa na mishipa kama hiyo. Shinikizo la damu iendayo kwenye ini nalo hupanda, mishipa ya umio huvimba, na siku ikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Wataalamu wamechunguza viashiria hivi katika damu, kwani anjiopoietini-2 huonekana kupanda kadiri makovu yanavyoongezeka. Hata hivyo, kliniki zetu hutegemea vipimo vya kawaida: kipimo cha virusi, vipimo vya utendaji wa ini, na picha ya ultrasaundi. Hivyo vyatosha kuanzia. Aina ya C hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Aina ya B hudhibitiwa kwa dawa za kila siku, na makovu huweza kupungua.

Wapo wadhanio kuwa ini huharibiwa na pombe peke yake. Kwa hiyo mama asiyeijua ladha ya pombe, akiambiwa ini lake lina makovu, hukaa na siri yake kwa kuchelea kudhaniwa vibaya. Tusimdhulumu dada yetu kwa dhana. Wala tusimtengee sahani: virusi hivi haviambukizi kwa kula pamoja wala kupeana mkono. Hupita kwa damu, kwa unyumba, na kwa mama kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaa. Wembe wa kuumika au wa tohara usitumiwe kwa watu wawili.

Mjamzito aombe kupimwa virusi vya B, kwani mtoto mchanga akiambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo maishani. Chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa humkinga, kisha zifuate chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Na wachumba wapimwe kabla ya nikaha. Mmoja akipatikana navyo, mwenzake huchanjwa na ndoa ikaendelea.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Aliyekwisha kuambiwa anavyo virusi asikatize miadi ya kliniki kwa kuwa anajihisi mzima; ini halisemi mpaka limechoka.

Wabillahi tawfiq.