Mkono Usio na Kituo



Upinde umerudi kupendwa na vijana wa Kiislamu, na hilo ni jambo la kheri. Tamthilia za Kituruki zimewaonyesha wapanda farasi wakifyatua mishale, na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliutia upigaji mishale wa jadi wa Kituruki katika orodha yake ya turathi za wanadamu. Kila kijana anayenunua upinde leo anaijua hadithi aliyoipokea Ukba bin Amir, na iliyomo katika Sahihi Muslim, ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 60, kuwa ni kutupa.

Hadithi waijua. Lakini muulize kijana huyo swali dogo: "Unapovuta upinde mpaka mwisho, mkono wako unatua wapi?" Atakujibu kwa fahari: "Popote. Mimi napiga kwa hisia."

Jibu hilo ndilo tunalolipinga.

Kituo ni pahala pamoja usoni au mwilini ambapo mkono wa kuvuta hutua kila mara kabla ya mshale kuachiwa. Haitoshi kutua karibu na hapo. Lazima utue papo hapo. Mwenye bunduki ana alama mbili za kulengea, moja mbele na moja nyuma. Mwenye upinde wa jadi hana alama ya nyuma ila mkono wake mwenyewe. Ukiihamisha alama ya nyuma kila unapopiga, kwa nini unaulaumu mshale?

Hebu tufanye hesabu. Tuchukue mtu ambaye mvuto wake ni sentimita 70. Mshale wa kwanza ameuvuta mpaka kidevuni. Wa pili ameuvuta sentimita moja tu juu zaidi, na mkono wa mbele haukusogea. Mkia wa mshale ukipanda, chembe inaelekea chini. Sentimita ile moja, katika shabaha iliyo mita 20 mbele yake, inakuwa kama sentimita 28. Upana wa ukucha mmoja usoni umekuwa zaidi ya shubiri moja shabahani! Tena hatujataja kosa la pili: akivuta vidole viwili pungufu, upinde hautoi nguvu ile ile, na mshale huanguka kabla ya kufika. Mtu huyu atabadilisha mishale, atabadilisha upinde, atalaumu upepo. Hatauangalia mkono wake.

Sasa tuzitazame hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza: "Mabingwa wa zamani walipiga kwa hisia." Ni kweli, ukimtazama bingwa huoni akipima chochote. Lakini hisia yake ilitoka wapi? Katika Dola ya Uthmaniya mwanafunzi hakupewa mshale siku ya kwanza. Alipewa upinde mwepesi wa mazoezi, akauvuta na kuulegeza bila ya mshale siku nyingi, mpaka mkono ukaijua njia yake. Kisha akapiga kwa karibu katika mfuko ulioshindiliwa, na baadaye ndipo akatolewa uwanjani. Ruhusa ilitoka kwa mwalimu, mbele ya watu, baada ya mtihani. Basi bingwa yule hana haja ya kufikiri kwa kuwa mkono wake umekwisha kariri. Wewe hujakariri kitu; unachokiita hisia ni kubahatisha.

Hoja ya pili: "Wanavyuoni wa upinde wenyewe walikhitalifiana." Naam, walikhitalifiana. Vitabu vya Kiarabu vya fani hii vinawataja maimamu wake watatu, Abu Hashim, Tahir al-Balkhi na Ishaq, na hitilafu zao katika kusimama, kushika na kulenga. Katika kitabu kimoja kilichoandikwa Maghribi yapata mwaka 1500, na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1945, utakuta wanaovuta hadi nyusi, wanaovuta hadi ndewe ya sikio, na wengine hadi kidevu au kifua. Lakini tazama walikhitalifiana katika nini. Kila mmoja alichagua pahala akapashika. Hakuna aliyesema leo nyusi na kesho kifua.

Mfano wake unaujua kila siku, ndugu msomaji. Sisi Mashafii tunainua mikono wakati wa takbira mkabala wa mabega. Wenzetu Mahanafi wanaifikisha kwenye ndewe za masikio. Hitilafu hiyo ni rehema. Lakini je, umepata kuona imamu ambaye rakaa hii mikono yake iko mabegani, na rakaa ya pili iko kiunoni, akasema anafuata hitilafu za wanavyuoni? Hitilafu ya wenye elimu si ruhusa ya ovyo.

Na hapa tuwaonye pia wale wa upande wa pili, wanaopigana kwa maneno kwamba kituo cha sikio ndicho Sunna na cha kidevu ni bidaa. Hadithi mashuhuri za upigaji zimehimiza kujifunza, na zimemkemea vikali aliyejifunza kisha akaacha. Hazikutaja sikio wala kidevu. Msiifunge milango ambayo dini imeiacha wazi.

Hoja ya tatu haisemwi kwa ulimi, lakini ndiyo mzizi wa maradhi. Kijana amenunua upinde mzito kuliko mwili wake, ili wenzake waseme "fulani anavuta ratili sitini!" Mikono inatetemeka, bega limepanda, na mkono unaachia njiani kabla haujafika kituoni, kwa kuwa hauwezi kufika. Hiyo ni ria iliyovaa vazi la Sunna. Upinde wa ratili thelathini unaotua kituoni ni bora kuliko wa sitini usiotua.

Tena kuna hatari. Asiye na kituo, siku moja atavuta pungufu, na siku nyingine atapitisha mpaka. Mshale ukivutwa kupita urefu wake, chembe hurudi nyuma ya upinde, na ukiachiwa hapo unaweza kuuchoma mkono ulioushika upinde. Wewe baba unayemnunulia mwanao upinde kwa kuwa ameuona katika simu, umempimia mishale? Umemtafutia mwalimu? Au umemwachia silaha na tamthilia?

Basi kituo hupatikanaje? Chukua upinde mwepesi. Fumba macho, uvute polepole, uuache mkono utue wenyewe penye mfupa: chini ya taya, au pembeni mwa mdomo. Nyama huhama, mfupa hauhami. Pakupe alama mbili na si moja, kwa mfano kifundo cha kidole kimegusa taya na kamba imegusa kifua. Hapo hesabu mpaka tatu, kisha ulegeze bila ya kuachia, kwani upinde ukiachiwa mtupu huharibika. Kila siku fanya hivyo mara thelathini. Ukianza kutumia mishale, iwe mirefu kuliko mvuto wako kwa vidole viwili au zaidi, na upige hatua chache tu kutoka shabahani. Mwenzako asimame ubavuni. Atie wino katika mshale pale unapokutana na upinde ukiwa umetua kituoni, kisha akwambie kila mara alama ile imefika au haikufika. Jicho lako litakudanganya, wino haudanganyi.

Utasema ni kazi ya kuchosha. Ndiyo. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo. Mara thelathini kila siku hazipigiwi makofi, wala hakuna atakayezipiga picha.

Tumalizie kwa Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Wapiga mishale hamsini waliwekwa juu ya kilima, na Abdallah bin Jubeir akiwa amiri wao, wakaamrishwa wasiondoke. Mishale walikuwa nayo, na ushujaa walikuwa nao. Wengi wao walipoona ushindi na ngawira waliteremka, na adui akaingia kwa nyuma. Mwenyezi Mungu amekwisha wasamehe, nasi hatuna la kusema juu yao ila radhi. Lakini somo limebaki kwetu: pinde zote zile hazikufaa kitu pahala pake palipoachwa.

Basi kabla hujanunua upinde wa pili, ndugu msomaji, uulize mkono wako unatua wapi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuthubutu katika ibada zetu na katika kazi za mikono yetu. Amin.