Kabla ya Kulitupa Jokofu

JOKOFU linapoacha kupoza, aghalabu neno la kwanza kusemwa nyumbani ni kwamba limezeeka, na linunuliwe jipya. Huenda ikawa kweli. Lakini Muislamu ataulizwa juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Israa aya ya 26 na 27, imewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Uamuzi huu, basi, usitolewe kwa hasira ya maziwa yaliyoharibika.

Kwanza, na ijulikane kilichoharibika. Mpira wa mlango ukichoka, hubadilishwa peke yake. Tena yeyote aweza kuupima: bana karatasi mlangoni kisha uivute; ikitoka bila kukaza, mpira haushiki. Gesi nayo haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana tundu inapovujia, na fundi anayejaza gesi bila kuliziba amechukua ujira wa kazi asiyoifanya. Ama kompresa ikifa katika jokofu kuukuu, hesabu hubadilika, kwani gharama yaweza kukaribia bei ya jipya. Kununua hapo si israfu.

Pili, fedha zatoka wapi? Kulitengeneza la zamani kwa fedha iliyopo ni bora kuliko kuleta jipya kwa mkopo wa riba. Wala hapana aibu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: lile bovu litakwenda wapi? Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Anayelipaka rangi jokofu lake na kumuuzia mjane anayetaka kufanya biashara ya barafu, hali akijua kompresa i mbioni kufa, amefanya lile lile. Na aseme kasoro yake wazi, hata bei ikishuka.

Enyi wazazi, watoto wetu wasije wakanywa maji baridi yaliyogharimiwa kwa machozi ya mja mwingine.

Wabillahi Tawfiiq.