Pointi Ishirini na Saba



Vijana wetu wa Maskati na wa Uingereza wanaokutana kwa mchezo wa Dungeons & Dragons wameniletea suala nilitolee rai: mhusika anapoundwa, sifa zake zipatikane kwa kurusha dadu, au kwa kununuliwa kwa pointi? Suala si dogo kama linavyoonekana, kwani limekwisha kuwatenga binamu wawili waliokua kama pacha. Rai yangu ni kwamba watu wa ukoo mmoja, wakikaa meza moja, wanunue kwa pointi.

Kwa wasioujua mchezo, kila mchezaji humbuni mtu wake wa hadithi, na mtu huyo hupimwa kwa sifa sita: nguvu, wepesi, siha, akili, hekima na haiba. Majina ya hizi nne za mwisho tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mchezo unatukumbusha kuyapambanua. Akili ni elimu, kumbukumbu na hoja. Hekima ni kuliona lililo mbele ya macho na kumtambua anayekulaghai. Haiba kwa Kiarabu ni kile kicho kinachowanyamazisha watu mtu aingiapo barazani, na kwa Kiswahili ni uzuri wa sura na mwenendo. Mchezoni ni uwezo wa kuwavuta watu, kwa njia hii au ile.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, kila sifa ilirushiwa dadu tatu. Baadaye ikazoeleka kurusha nne na kuitupa iliyo ndogo. Njia ya pointi, kama ilivyo katika toleo la tano, ni nyingine kabisa. Kila mtu hupewa pointi 27. Sifa zote huanzia 8, na hakuna inayonunuliwa zaidi ya 15. Kutoka 8 hadi 13, kila hatua ni pointi moja; kutoka 13 kwenda 14 ni mbili, na kutoka 14 kwenda 15 ni mbili tena. Kwa hiyo 13 hugharimu pointi 5, na 15 hugharimu 9. Atakaye sifa tatu za 15 amekwisha mfuko wake wote, na tatu zilizobaki zitakaa kwenye 8. Apendaye usawa atapata tatu za 13 na tatu za 12. Mtaka yote hukosa yote. Hapa methali hiyo imeandikwa kwa tarakimu.

Wanaotetea dadu husema ndivyo dunia ilivyo: hakuna aliyechagua kimo chake wala wazazi wake. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo hasa inayonitia hofu. Kupata 18 kwa dadu tatu ni bahati ya mara 1 kati ya 216, lakini aliyeipata hutembea kama aliyeitolea jasho. Nasi ugonjwa huo tunaujua. Sisi ni watu wa nasaba. Tumezoea kumhesabia mtu mababu zake kabla ya kumuuliza ana kazi gani, na kujivunia tulichokikuta kana kwamba tumekichuma. Wakati huohuo aliyetokewa na 6 huubeba unyonge huo kwa miezi, akiwatazama wenzake wakitenda makuu. Sioni faida ya kuwafundisha watoto jambo hilo mara ya pili, tena mchezoni.

Pointi huwafundisha jingine. Mwenye 15 ya nguvu na 8 ya hekima hana wa kumlaumu wala wa kumringia. Alipewa sawa na wenzake, akachagua, akalipa.

Wapo watakaosema kwamba pointi huwafananisha wahusika wote: kila mchawi ana akili ya 15 na nguvu ya 8. Ni kweli, na hatia ni ya mchezaji. Wengi huitupa 8 kwenye haiba, kisha mezani husema kwa ufasaha kama mawakili, na hiyo ni kununua bila kulipa. Aliyechagua 8 na aiishi: mhusika wake akwame kwenye maneno, akosee salamu, asaidiwe na mwenzake aliyewekeza huko. Hadithi nyingi nzuri hutokea pale ambapo mtu anamhitaji mwingine.

Kwa wasioweza kuachana na dadu, ipo njia ya kati. Mdogo kuliko wote arushe mara sita, tarakimu ziandikwe, kisha wote watumie hizohizo sita, kila mmoja akizipanga apendavyo. Bahati ikiwa njema au mbaya, itakuwa ya wote, kama mvua inyeshavyo juu ya nyumba zote za mtaa. Wazee wanaochukia dadu hata pasipo dau hawataridhika na njia hii, nami siwalazimishi. Kwao pointi zinatosha kumuunda mhusika, na kalamu na karatasi ndivyo vyombo vyake.

Msimamizi wa mchezo na aitangaze kanuni moja kabla ya mtu yeyote kuandika jina la mhusika wake, asiibadilishe kwa ajili ya mkubwa wala mpendwa.

Wabillahi tawfiq.