Mtangazaji wa michezo ya mezani anayeidai Marekani matibabu ya akili

MWENYE duka la michezo ya mezani nchini Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2017, alikuwa na sababu ya kibiashara ya kumfuatilia Wil Wheaton. Mchezo ukionekana kwenye kipindi chake cha TableTop, wateja walianza kuuulizia dukani, na mara nyingi mzigo uliokuwa rafuni ulikwisha kabla ya mwingine kufika. Wachapishaji na wenye maduka waliipa hali hiyo jina lake: athari ya Wheaton. Kwa anayeishi kwa kununua na kuuza, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Msanii huvaa kitenge Jumamosi jukwaani, na Jumatatu kila anayepanda basi kwenda Kariakoo au Gikomba ameagizwa kitenge hichohicho.

Wheaton huyohuyo amekuwa akisema waziwazi kwamba anaishi na sonona na wasiwasi uliopitiliza, kwamba anakunywa dawa kila siku, na kwamba serikali ya nchi yake ina uwezo wa kuwatibu wenye maradhi kama yake ila imechagua kuzipeleka fedha kwingine. Hapo ndipo baadhi ya watazamaji wake humwambia arudi kwenye kete. Hoja ni kama wana haki ya kumwambia hivyo.

Umaarufu wake haukuanzia mezani. Alizaliwa mwaka 1972, akacheza filamu ya Stand by Me iliyotoka mwaka 1986 akiwa bado mtoto, na mwaka uliofuata akaingia kwenye tamthilia ya Star Trek: The Next Generation kama kijana Wesley Crusher. Sehemu ya mashabiki walimchukia mhusika huyo, na chuki hiyo ikamwangukia kijana aliyemwigiza. Baadaye amesimulia kwamba kazi ya uigizaji hakuichagua yeye, ilichaguliwa na wazazi. Alipotimiza miaka arobaini alikuwa na sura inayojulikana na kazi za hapa na pale.

TableTop ilianza mwaka 2012, akishirikiana na mwigizaji Felicia Day aliyeanzisha chaneli ya Geek & Sundry kwenye YouTube. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Wheaton anakaa mezani na wageni watatu, anaeleza kanuni za mchezo, wanacheza, mshindi anapewa kikombe. Wheaton mwenyewe alishindwa mara nyingi mno. Kete zilimkataa hadi ikawa mzaha wa kudumu wa kipindi, na pengine hiyo ndiyo sababu watu walimwamini. Muuzaji anayeshinda kila mchezo anaouza hutiliwa shaka.

Mfanyabiashara wa mpakani angeuelewa haraka mmoja wa michezo hiyo. Katika Catan, uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutoka mwaka 1995, kila mchezaji anavuna mbao, matofali, ngano, kondoo au madini kulingana na alipojenga, na hakuna anayejitosheleza. Aliyejaa ngano hana matofali, basi anabembeleza. Aliye na bandari anabadilisha kwa nafuu. Na yupo mnyang'anyi anayewekwa juu ya shamba lako na mwenzako uliyeuziana naye dakika mbili zilizopita. Anayepita na gunia la vitunguu kwenye kizuizi cha barabarani hatahitaji kufundishwa sehemu hiyo.

Mwaka 2014 kipindi kiliomba mchango wa watazamaji ili kutengeneza msimu wa tatu. Waliomba dola 500,000, wakapewa zaidi ya dola milioni 1.4. Mtaji wa Wheaton, basi, ni imani ya watu waliokuwa tayari kutoa pesa kwa neno lake. Mtu mwenye mtaji wa namna hiyo kwa kawaida huulinda kwa kutosema lolote litakaloudhi nusu ya wateja.

Yeye hakunyamaza. Mei 2018 alisimama mbele ya mkutano wa tawi la Ohio la NAMI, chama cha kitaifa cha wenye maradhi ya akili na familia zao, akajitambulisha kwa jina na kwa ugonjwa wake, akasema haoni aibu. Alisimulia hofu zilizomwamsha usiku akiwa mtoto, na jinsi wakubwa waliomzunguka walivyokosa kuziona kuwa ugonjwa. Alisimulia utu uzima ambamo safari ya ndege ilikuwa mateso, hadi mke wake alipomsihi amwone daktari. Kisha ikaja siku ya kawaida kabisa, baada ya kuanza dawa, ambapo alikuwa akitembea na mke wake na ghafla akagundua kwamba hajisikii vibaya. Hakuna kingine kilichotokea siku hiyo. Alikuwa amepita umri wa miaka thelathini, na ndiyo kwanza anajua watu wengine huamka vipi.

Kama angeishia hapo, angepigiwa makofi na kila upande. Ushuhuda wa mtu mmoja haumgharimu mwanasiasa yeyote. Lakini katika hotuba ileile aliwataka wasikilizaji wawabane viongozi waliowachagua kugharamia huduma za akili kikamilifu, akasema nchi inayopata fedha za silaha na za kupunguzia makampuni kodi haiwezi kudai haina za matibabu. Hapo simulizi iliingia kwenye bajeti.

Na bajeti ndiyo penye ugomvi. Sheria ya mwaka 2008 iliwazuia wenye bima kuweka masharti magumu zaidi kwa maradhi ya akili kuliko ya mwili, lakini haikuwalazimisha kuyalipia. Sharti la kuyalipia, kwa bima zinazonunuliwa na mtu binafsi na biashara ndogo, lilikuja na sheria ya afya ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010, iliyoyaweka matibabu ya akili na ya uraibu miongoni mwa huduma kumi za lazima. Mei 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 217 dhidi ya 213 muswada ambao ungeziruhusu majimbo kuomba kulegeza masharti hayo. Julai mwaka huohuo jaribio la kuibomoa sheria hiyo liliangukia Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, Seneta John McCain akiikataa hoja ya chama chake mwenyewe. Waliosalimika kwa tofauti hiyo ndogo ni hasa wanaojiajiri, watu wasio na mwajiri wa kuwakatia bima.

Waigizaji wamo katika kundi hilo zaidi ya wengi wanavyodhani. Bima ya chama chao, SAG-AFTRA, haimpi mtu kadi kwa sababu ni mwanachama tu. Ni lazima afikishe kiwango cha mapato, na mwaka 2021 kiwango hicho kilikuwa dola 25,950 kwa mwaka. Ukikosa kazi mwaka mmoja, unapoteza kadi mwaka huo unaoihitaji kuliko mingine. Sonona nayo ina tabia ya kukuondolea kazi kwanza, ndipo ikupeleke kwa daktari.

Upande wa pili wa siasa hizi ni bunduki. Novemba 2017 mtu mwenye silaha aliwaua waumini zaidi ya ishirini kanisani Sutherland Springs, Texas, na Rais Donald Trump akasema tatizo lilikuwa afya ya akili, si silaha. Alirudia maneno ya aina hiyo Agosti 2019 baada ya mauaji ya El Paso na Dayton. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba wenye maradhi ya akili ni waathirika wa ukatili mara nyingi zaidi kuliko kuwa watendaji wake. Kila mara kauli hiyo inapotolewa, mamilioni wanaokunywa vidonge vyao asubuhi na kwenda kazini wanatupwa kapu moja na muuaji, na mwenye dalili za mwanzo anapata sababu nyingine ya kuficha.

Hapa lazima isemwe pia kwamba upande anaousimamia Wheaton si safi kabisa. Serikali ya Obama iliweka kanuni ya kuyapeleka kwenye orodha ya kuzuiwa kununua bunduki majina ya watu wapatao 75,000 wanaopokea mafao ya ulemavu wa akili na kusimamiwa fedha zao na mtu mwingine. Trump aliifuta Februari 2017 na akalaumiwa sana. Lakini waliokuwa wakiipinga kanuni hiyo walikuwa pamoja na ACLU, shirika la kutetea haki za raia, na watetezi wa wenye ulemavu, waliosema kushindwa kutunza hesabu zako si ushahidi kwamba wewe ni hatari. Walikuwa na hoja.

Wheaton mwenyewe aliteleza katika juma lile la Sutherland Springs. Aliandika kwa kejeli kuhusu wanasiasa wanaotoa sala badala ya sheria, lakini waliokufa walikuwa wamo katika sala. Waumini wengi waliumia, akaomba radhi. Mtu wa burudani akiingia siasa huja na ulimi uleule wa burudani. Kejeli inayofaa pale kete zinapomgomea huwa kidonda ikielekezwa kwa wafiwa.

Mipaka yake mingine iko wazi. Ni tajiri kwa vipimo vya wengi, ana mke aliyemsukuma kwenda hospitali, na mji anaoishi una madaktari wa akili wa kuchagua. Kusema haoni aibu ni rahisi zaidi kwa asiyeogopa kufukuzwa kazi. Hata hivyo wanaomwambia arudi mezani wanasahau kwamba wao ndio waliompa meza. Kijana asiyesoma ripoti yoyote ya wizara alimsikia akisema anakunywa dawa, kutoka mdomo uleule uliomwambia mchezo fulani unafaa kununuliwa. Tangazo la serikali halifiki hapo.

Tangu hotuba ya Ohio, hali ya Marekani imekwenda mbele na kurudi nyuma. Julai 2022 ilizinduliwa namba fupi ya simu, 988, kwa mwenye mawazo ya kujiua. Mei 2025 serikali ya Trump ilitangaza kwamba haitasimamia utekelezaji wa kanuni za mwaka 2024 zilizokuwa zikiwabana wenye bima kuhusu maradhi ya akili. Julai 4 ikasainiwa sheria inayopunguza fedha za Medicaid, mpango wa serikali wa wenye kipato kidogo, ambao ndio mlipaji mkubwa kuliko wote wa matibabu ya akili nchini humo. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria watu milioni 10 zaidi kutokuwa na bima ifikapo mwaka 2034. Watu wazima wengi watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi. Mwenye maradhi mazito ya akili anasamehewa, mradi athibitishe. Anayejua foleni ya fomu na mihuri ya mpakani anaweza kupiga picha ya mtu asiyeweza kutoka kitandani akitakiwa kuleta karatasi za kuonyesha kwamba hawezi kutoka kitandani.

Kwa msomaji wa Namanga, Busia au Mutukula, tofauti kubwa ni kwamba Wheaton, hata siku yake mbaya kuliko zote, hakukabiliwa na polisi. Nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua Januari 9, 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Mfanyabiashara aliyepoteza mzigo na mtaji wa mkopo, akafika pale pa kukata tamaa, anahesabiwa mgonjwa upande mmoja wa kizuizi na mshitakiwa upande wa pili, akiwa na begi lilelile na deni lilelile.

Kadi yake ya bima nayo haivuki naye. Kenya ina mfuko wa SHA, Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kila mpango umejengwa kwa ajili ya wakazi wake. Vikao vya kanda vimezungumza sana kuhusu cheti cha asili ya bidhaa na ushuru wa mahindi. Kuhusu dawa ya sonona ya mama anayelala Sirari siku tatu na Migori siku nne, hospitali ipi impe na mfuko upi ulipe, mezani hapajawekwa karatasi.