Samaki wa mapambo Rio Negro: Kumbe wavu waweza kuulinda msitu

KWA muda mrefu imekuwa kawaida kuamini kwamba njia ya pekee ya kumlinda kiumbe wa porini ni kumkataza binadamu asimguse. Imani hiyo ina mashiko tunapozungumzia ndovu au faru. Hata hivyo, yaliyowafika wavuvi wa mji wa Barcelos, kaskazini magharibi mwa Brazil, yanatulazimu kuliangalia upya suala hilo. Huko samaki hakumalizwa na wavu. Aliyekaribia kumalizika ni mvuvi, na kupungua kwake kumeuacha msitu na watetezi wachache.

Barcelos uko kando ya mto Rio Negro, takriban kilomita 400 juu ya jiji la Manaus. Maji ya mto huo ni meusi mithili ya chai ya mkandaa, kwa sababu ya majani na mizizi inayooza msituni, nayo yana asidi nyingi. Manispaa ya Barcelos ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 120,000, yaani kiasi cha moja kwa tano ya Kenya nzima, ilhali wakazi wake hawafiki 30,000. Ardhi ya kilimo ni haba na udongo wenyewe hauna rutuba. Mkazi wa huko hutegemea kile ambacho mto na msitu humpa.

Miongoni mwa alivyopewa ni samaki mdogo aitwaye tetra kadinali. Urefu wake ni sentimita tatu au nne hivi. Ubavuni ana mstari wa buluu inayong'aa, na chini yake ana wekundu unaofanana na joho la makadinali wa Kanisa Katoliki, ndiposa akaitwa hivyo. Jina lake la kisayansi ni Paracheirodon axelrodi. Wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mnamo 1956, na tangu hapo amekuwa kipenzi cha wanaofuga samaki katika matangi ya vioo sebuleni, kuanzia Marekani na Ujerumani hadi Japan.

Wanaomvua huitwa piabeiro, kutokana na neno piaba, ambalo wenyeji hulitumia kwa samaki wadogo wadogo. Huingia kwa mitumbwi katika msitu uliofurika maji, wakamsukuma samaki taratibu kwa kafi hadi kwenye wavu wa mkono wenye matundu madogo, au wakatega mitego karibu na ukingo. Kisha humteka kwa bakuli pamoja na maji yake, kwani akiguswa ovyo ngozi huchubuka na hafiki mbali. Huwekwa katika vizimba vinavyoelea, husafirishwa kwa mashua hadi Manaus, na kutoka hapo hupanda ndege.

Biashara hiyo ilipokuwa imeshamiri, mamilioni ya samaki hai waliondoka Rio Negro kila mwaka, na katika kila kumi, takriban wanane walikuwa tetra kadinali. Watafiti walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya pato la mji wa Barcelos lilitokana na samaki hao. Tangu miaka ya 1990 mji huo umekuwa na tamasha la samaki wa mapambo, ambapo makundi mawili hushindana kwa ngoma na mavazi, moja likibeba jina la kadinali na jingine la diskasi, samaki bapa mwenye umbo la sahani.

Msomaji atauliza, itawezekanaje mamilioni ya samaki wavuliwe kila mwaka nao wasiishe? Jibu limo katika maumbile ya mto wenyewe. Mvua inaponyesha, maji hupanda kwa mita kadhaa na kuingia msituni, na humo tetra huzaana kwa wingi. Maji yanapopungua, vidimbwi hukauka, na samaki wengi mno hufa au huliwa na ndege na samaki wakubwa. Wengi wao hawaishi porini zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wale wanaonaswa na mvuvi ni wale ambao kiangazi kingewaua.

Hoja hiyo ndiyo iliyomwongoza Profesa Ning Labbish Chao wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Amazonas, ambaye mwaka 1989 alianzisha mradi wa utafiti uitwao Projeto Piaba. Kauli mbiu yake ilikuwa kwamba anayenunua samaki huokoa mti. Maana yake ni kuwa mvuvi anayeishi kwa samaki wa msitu uliofurika hana sababu ya kuufyeka msitu huo, wala hatamruhusu mwingine aufyeke huku akitazama. Bila pato hilo, huyo huyo hulazimika kutafuta mbao, dhahabu au malisho ya ng'ombe, au kuhamia vitongoji vya Manaus.

Yamkini hapa ndipo kisa chenyewe kilipoanza kugeuka. Kuanzia miaka ya 2000, wafugaji wa samaki wa mapambo katika bara Asia, Ulaya ya kati na jimbo la Florida walipata ujuzi wa kumzalisha tetra kadinali kwa wingi. Samaki wa shamba hupatikana mwaka mzima, wana ukubwa unaolingana na wamezoea chakula cha dukani. Mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008 ukawapunguza wanunuzi. Isitoshe, baadhi ya watetezi wa wanyama walieneza kampeni dhidi ya samaki wa porini bila kutofautisha mto na mto, wala spishi na spishi. Maagizo kutoka ng'ambo yakapungua sana. Piabeiro wengi wakaacha kazi, baadhi wakawa waongozaji wa watalii wanaokuja kuvua samaki kwa ndoana, wengine wakarudia kuvuna nyuzi za mchikichi-mwitu ambazo hutengenezewa mifagio.

Historia ya Amazon ina mfano ulio maarufu zaidi wa mambo kama hayo. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu za mpira zipatazo 70,000 kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London. Miche iliyotokana nazo ilipelekwa Ceylon na Malaya. Manaus, iliyokuwa imetajirika kwa utomvu wa mpira hata ikajenga jumba la opera lililofunguliwa 1896, ilijikuta imepitwa na mashamba ya Asia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Msitu uliouzaa mti huo haukuambulia chochote katika faida ya mashamba hayo, na vivyo hivyo mfugaji wa tetra aliye ng'ambo leo hatozwi hata senti kwa ajili ya mto aliotoka samaki wake.

Hata hivyo, itakuwa kosa kumpamba mvuvi wa Barcelos na kuusahau upande wa pili. Hata enzi ya neema, aliyefaidi zaidi hakuwa yeye. Piabeiro hulipwa kwa hesabu ya elfu, na samaki elfu moja humpatia dola chache tu, ilhali samaki mmoja dukani Ulaya au Marekani huweza kuuzwa dola moja hadi tatu. Wengi walifanya kazi chini ya mfumo wa mkopo, ambapo tajiri humkopesha mvuvi unga, mafuta na nyavu, kisha hukata deni hilo katika samaki kwa bei anayoipanga yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anaweza kuvua miaka 20 na bado akawa na deni.

Aidha, si kila samaki ana uwezo wa kustahimili kuvuliwa. Katika mto Xingu, ambao pia umo Brazil, kuna kambare mdogo mwenye milia myeusi na myeupe kama punda milia, jina lake Hypancistrus zebra. Huyu hutaga mayai machache, na makao yake ni kipande kimoja tu cha mto huo. Brazil ilipiga marufuku usafirishaji wake nje mwaka 2004, na hatua hiyo ilifaa. Lakini marufuku bila ulinzi yalizaa magendo, na samaki hao wakaendelea kuvushwa mipakani. Mwaka 2022, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama ulimweka chini ya udhibiti mkali zaidi.

Ajabu ni kwamba serikali hiyo hiyo iliyomkataza mvuvi wa Xingu asimguse kambare iliidhinisha bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha umeme 2016 na kuelekeza kwingine sehemu kubwa ya maji ya makao hayo hayo. Mwenye mtumbwi aliambiwa yeye ni tishio, huku mwenye tingatinga akipewa leseni. Ukame nao umeongeza uzito wa suala hili. Oktoba 2023, kina cha Rio Negro katika bandari ya Manaus kilishuka chini ya mita 13 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze 1902, na mwaka uliofuata kilishuka zaidi ya hapo. Hakuna sheria ya uvuvi iwezayo kuyarudisha maji hayo.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi tulio Kenya? Mwezi Mei 2025, mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja kwa kujaribu kusafirisha maelfu ya siafu wavunaji, viumbe wanaotafutwa na wafugaji wa wadudu ng'ambo. Wakenya wengi walicheka. Walakini kesi hiyo ilidhihirisha kwamba soko la dunia limekwisha kuwapa bei hata viumbe tunaowakanyaga, kabla sisi wenyewe hatujawahesabu.

Nyanda za pwani yetu na bonde la Mto Tana vina samaki wa msimu wa jenasi ya Nothobranchius, ambao huishi katika vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki hai matopeni hadi mvua nyingine. Kwa kuwa mayai hayo hustahimili ukavu, wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana kwa posta. Ilhali huku nyumbani, kidimbwi hicho ni shimo tu la kufukiwa ili barabara au shamba lipite. Kenya imeridhia Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014 na inayotaka wenye rasilimali za kijenetiki wagawiwe faida. Lakini itifaki haiwezi kumsaidia mtu asiyejua alicho nacho.

Brazil imejaribu kujirekebisha. Mwaka 2014, samaki wa mapambo wa Rio Negro walipewa alama rasmi ya asili yao, kama vile mvinyo au jibini ya Ulaya inavyotambulishwa kwa eneo ilikotoka, ili mnunuzi ajue analipia samaki pamoja na msitu wake. Alama pekee haikulirejesha soko lililopotea, kwani ilikuja mashamba ya ng'ambo yakiwa yamekwisha kustawi.

Funzo la serikali na jamii zetu ni la wakati. Kabla ya kuruhusu au kukataza, hatuna budi kujua kiumbe huyo huzaana vipi, makao yake ni mapana kiasi gani, na katika kila shilingi inayolipwa ng'ambo, senti ngapi humfikia aishiye kando ya maji. Spishi ya Xingu ilistahili kufungiwa. Ile ya Rio Negro ilistahili mnunuzi mwaminifu na bei ya haki. Kutumia kanuni moja kwa zote mbili ni uvivu wa kufikiri, na gharama yake hulipwa na maskini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mito yetu nayo yahitaji daftari hilo, na lifunguliwe mapema.