Vanishi ya Gitaa na Somo la Sayansi

Wapo wapigaji wanaoshikilia kwamba gitaa la umeme lililopakwa vanishi nyembamba ya nitroselulosi hulia vizuri kuliko lile la poliesta, vanishi nene ambayo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisi hatusadiki. Zeze hulizwa na kibuyu chake. Katika gitaa hili, sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba ndiyo ipokeayo mtetemo wa uzi wa chuma na kuugeuza kuwa umeme. Hata hivyo, tusiwakaririshe watoto jibu letu. Anayelinganisha magitaa mawili hulinganisha pia mbao, nyuzi na umri wake. Mwalimu na awaulize: tubadili kitu gani kimoja tu, vingine tuviache vilevile?