Afya ya Matiti ni Jambo la Haki



Tumezoea kuhesabu miongoni mwa mambo ya haki mashauri ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na bei ya kahawa. Yafaa tuongeze jambo moja linalosemwa kwa kunong'ona: saratani ya matiti. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa nayo, na wapatao 670,000 walifariki. Hapa Tanzania ni ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Ikigunduliwa mapema hutibika. Lakini wengi wa mama zetu hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea.

Wako wasemao kwamba kosa ni la akina mama wenyewe: hawajui, wanaona haya, huanzia kwa waganga wa mitishamba. Kutojua kupo, hatukatai. Mara nyingi ugonjwa huu huanza na uvimbe usiouma, nao usiouma hudharauliwa. Lakini mtazameni mama wa Kaisho au Murongo. Amepalilia kahawa, ameichuma, ameianika. Siku ya malipo fedha hupokelewa na mume. Akiambiwa aende Bugando, Mwanza, hana budi kuomba kwanza ruhusa, kisha nauli, kisha mtu wa kubaki na watoto. Kumwonya juu ya hatari bila kumfungulia njia ni kumwongezea hofu tu.

Kwa hiyo twasema: uchunguzi uanzie pale ambapo mama hufika tayari, yaani kwenye zahanati anakopeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Muuguzi aliyefundishwa aweza kumchunguza matiti kwa mikono, faraghani, kwa dakika chache. Mashine ya mammografia haitafika kila kijiji. Mikono ya muuguzi imekwisha kufika. Penye mashaka, mama apewe rufaa kwenda hospitali, iwe Nyakahanga au Isingiro, naye afuatiliwe mpaka jibu lipatikane. Uvimbe mwingi si saratani, ila hakuna ajuaye bila kipimo. Mwaka 2023 Shirika hilo liliweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike mara ya kwanza hadi ugonjwa utambuliwe zisipite siku 60. Katika Karagwe na Kyerwa, siku hizo huliwa na nauli.

Tutaambiwa kwamba watumishi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu wajumbe wetu katika kamati za zahanati waulize kwa heshima, bila kuchoka: nani amefundishwa kazi hii, na chumba cha faragha kiko wapi?

WAWATA nao wafundishe dalili waziwazi katika jumuiya ndogo ndogo: uvimbe titini au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, ngozi kuwa kama ganda la chungwa. Jumuiya ichangie nauli ya mgonjwa, kama ichangiavyo msiba. Kwani kuna faida gani kukusanya fedha za jeneza kwa aliyekosa nauli ya basi?

Nanyi akina baba, fedha ya kahawa ina jasho la wawili. Mkeo akisema ameona uvimbe, usingoje mavuno yajayo.